Majibu ya Nkwimba

Nimestaafu nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niifiche. Siku ya kuniaga ninyi vijana wa maabara mlinivisha kitenge, mkacheza, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazini ili mjifunze. Nashukuru. Vyeo na mishahara sitavigusa, kila mtumishi anaijua habari hiyo na haina ladha. Nitaandika kuhusu chupa, tope na nywele, na kuhusu mwanamke mmoja wa karibu na Lamadi anayeitwa Nkwimba, ambaye nusura auawe wakati karatasi ya kumwokoa imefungiwa kabatini, hapa hapa Bariadi, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu.

Nilianza kazi kwenye maabara yetu ya maji nikiwa msichana mwembamba kutoka Kasoli, kwetu wakulima wa pamba. Nilidhani nitavaa koti jeupe na kuchungulia hadubini siku hiyo hiyo. Mzee Kulwa, fundi mkuu wa maabara, alinipa glovu akanionyesha karo na rundo la chupa. Nikaosha chupa miezi mitatu.

"Mzee, mimi nimesomea kemia," nilimwambia wiki ya pili, nimevimba.

"Vizuri," alisema bila kuinua macho. "Basi unajua kwamba chupa chafu inadanganya."

Chupa ya maji ya kunywa huoshwa kwa njia yake. Ya kupimia zebaki hulowekwa kwenye tindikali hadi kesho yake, ikasuuzwa, ikasuuzwa tena, ikafunikwa kabla vumbi halijaingia. Blauzi zangu zote za miaka ile zina matundu madogo ya tindikali. Mume wangu aliamini ni mende, na aliwapulizia dawa mende wasio na hatia kwa muda mrefu.

Mzee Kulwa alikuwa na sheria moja isiyo na huruma: sampuli isiyo na lebo inamwagwa. Niliwahi kutoka Dutwa na chupa sita za maji ya visima, nimezipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Kufika, moja lebo yake imebanduka. Aliimwaga mbele yangu. Nililia stoo, kisha kesho yake nikarudi Dutwa kuchota upya.

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na tabia nyingine ambayo siku hizi naona imekufa. Kuna mama alikuwa anahifadhia maziwa kwenye galoni lililokuwa na dawa ya kunyunyizia pamba. Watoto wake wakaanza kutapika, na mganga wa zahanati akatuletea maziwa tuyapime. Tulipoona kilichomo, Mzee Kulwa hakungoja barua ipigwe chapa. Alichukua baiskeli yake, akaenda mwenyewe, akampa yule mama majibu uwanjani kwake, galoni likatobolewa kwa msumari wakati ule ule. Aliporudi, shati limelowa jasho, alisema tu, "Sasa andika ripoti." Nilidhani kazi yetu ndivyo ilivyo kila mahali. Kumbe hapana.

Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu ukaja mradi mkubwa. Watafiti wa nje na wasomi wetu wa Dar es Salaam walitaka kujua mambo mawili. La kwanza, zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu inafika wapi: mtoni, ziwani, kwenye samaki, mwilini mwa watu. La pili, inaufanya nini ubongo. Kwa hilo la pili wangewasafirisha watu wachache kwenda Dar es Salaam kupigwa picha za kichwa kwenye mashine inayoitwa PET. Kiongozi wao tulimwita Daktari. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu ambavyo sijui kwa nini vilikuwa havishiki vumbi.

Kwa wale ambao hawajaona: mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu uliosagwa. Zebaki inakamata dhahabu, linapatikana donge la kijivu. Donge linachomwa, zebaki inapaa hewani, dhahabu inabaki. Anayechoma anaitazama dhahabu tu. Ule mvuke hauna rangi wala harufu, unaingia puani bila kupiga hodi.

Nilizunguka na kasha la barafu msimu mzima. Tulichota tope la chini ya ziwa kwa kikombe cha chuma kinachojifunga chenyewe. Tulinunua sangara na dagaa kwa wavuvi wa Busega, tukakata minofu na kuigandisha. Tulishuka makorongoni wanakooshea mchanga. Na tulipita nyumba kwa nyumba kuomba nywele na mkojo, kazi inayohitaji maneno mengi kuliko vifaa.

Ndipo nikakutana na Nkwimba. Alikuwa mjane wa rika langu, mkaangaji wa sangara, anaishi kwenye kaya ya shemeji yake, Limbu, mdogo wa marehemu mumewe. Nilimkuta jikoni kwake, kibanda cha udongo chenye mlango mmoja na jiko lililojengwa vizuri, linaloshika moto kweli kweli.

"Mwangaluka mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, habari za asubuhi mama.

"Mwangaluka," aliitikia, akanyoosha mkono kunipa kigoda. Kigoda kiligongagonga ukutani kabla hakijanifikia. Mkono ule ulikuwa unatetemeka kama wa mtu mwenye homa.

"Umeanza lini huu mtetemeko?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi. Na meno yanalegea, mate yanajaa mdomoni. Siku nyingine nalia tu, hakuna aliyenikosea."

Nikauliza nani mwingine anatumia jiko lile. Akajibu kama jambo la kawaida kabisa: Limbu huchomea humo dhahabu yake, kwa sababu jiko la mkewe halishiki moto. Mara nyingi yeye Nkwimba anakuwa hapo hapo pembeni, anageuza samaki.

Nilimkata nywele za kisogoni, karibu kabisa na ngozi, nikafunga uzi upande wa ngozi ili mizizi isichanganyike na ncha. Nikachukua mkojo wake kwenye chupa niliyoiosha kwa mikono yangu. Akabonyeza dole gumba kwenye fomu ambayo nilimsomea kwa Kisukuma, pamoja na mstari uliosema majibu atapewa. Niliusoma kwa sauti ya kujiamini.

Daktari alipoona dalili zake alimweka kwenye orodha ya watu wanne wa kwenda Dar es Salaam. Nikaenda nao kama mkalimani, maana Kiswahili cha Nkwimba kilimtosha sokoni tu.

Ile mashine ni kitu cha ajabu, na siikejeli. Mtu anafunga kula, anachomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, analazwa kwenye chumba tulivu asiongee. Kisha anaingizwa kichwa kwenye tundu la mashine lililo kama pete kubwa. Sehemu za ubongo zinazofanya kazi hula ile sukari, zikang'aa kwenye picha. Zilizochoka hufifia.

"Sukari yenyewe siionji?" Nkwimba aliuliza nilipomweleza.

"Inapita kwenye mshipa, mayu."

"Basi ya nini," alisema, na mtaalamu wa mionzi akacheka kabla sijatafsiri.

Dawa ile haingoji mtu. Nusu ya mionzi yake inaisha chini ya saa mbili, kwa hiyo wataalamu walitembea nayo mbio, saa mkononi, mlango huu ukifunguliwa ule unafungwa. Niliwaheshimu. Sikujua kwamba hiyo ndiyo haraka ya mwisho nitakayoiona kwenye mradi ule.

Aliposhuka mezani aliniuliza, "Wameona nini?" Nikamuuliza Daktari.

"Mwambie majibu yatatumwa," alisema, akiitazama kompyuta.

Nikamwambia hivyo.

Tuliporudi Bariadi nilikaa na sampuli wiki nyingi. Kila baada ya sampuli kumi nilipitisha chupa ya maji safi yasiyo na zebaki kuhakikisha mashine haidanganyi. Samaki walitoka vizuri. Naomba mlisome hilo mara mbili: samaki wa ziwani, wale tuliowapima, hawakuwa na shida ya kumkataza mtu kula. Tope la korongo la kuoshea mchanga lilikuwa baya. Na mkojo wa Nkwimba ulikuwa mbaya mno hadi nikadhani nimekosea. Nikarudia. Nikarudia tena kwa chupa nyingine. Jibu lilikuwa lile lile.

Nikaenda kwa mkuu wetu wa kitengo, karatasi mkononi.

"Mkuu, huyu mama anavuta zebaki kila siku jikoni kwake. Lazima aambiwe atoke humo."

"Mama Kabula," alisema kwa upole, Kabula ni binti yangu wa kwanza, "majibu ni ya mradi. Yanasubiri kuchapishwa."

"Mkojo nao ni wa mradi?"

Akakunja uso. "Tukitamka zebaki, soko la samaki Lamadi limekufa. Wavuvi utawajibu wewe?"

"Samaki hawana shida, matokeo yako hapo mezani kwako. Shida iko jikoni kwa huyu mama."

"Basi ndiyo maana hakuna haraka," alisema. "Ni jiko moja."

Akachukua karatasi yangu, akaiweka kwenye faili, faili kwenye kabati, ufunguo mfukoni. Nilimwandikia Daktari. Akanijibu kwa adabu sana kwamba maadili ya utafiti hayaruhusu kutoa matokeo ambayo hayajakamilika. Maadili! Mpaka leo neno hilo nikilisikia kwenye mkutano natafuta sababu ya kwenda nje.

Nami nikatii. Hili liandikwe pia, msije mkadhani nilikuwa shujaa. Nilitii msimu mzima wa pamba, kuanzia palizi mpaka mavuno. Nilipita Lamadi mara mbili nikachukua maji ya ziwa, na mara zote mbili nilipitia njia nyingine ili nisionane na yule mwanamke.

Siku moja asubuhi simu yangu ikaita. Nkwimba alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Mayu, wamelaza panga kizingitini kwangu."

Nilikaa. Ninyi mliokulia huku hamhitaji kuelezwa maana ya panga lililolazwa mlangoni kwa mwanamke mjane. Habari yenyewe aliitoa vipande vipande. Holo, mke wa Limbu, alikuwa ameharibikiwa mimba mara ya pili. Watu wakaanza kutafuta sababu. Nani kwenye kaya ile ana macho mekundu? Nani anatetemeka, analia peke yake, anasahau majina ya watu? Moshi wa jiko ulimpa macho, zebaki ikampa yaliyobaki, na jirani wakampa jina: mchawi. Sokoni hakuna aliyegusa samaki wake tena. Limbu alikuwa amemwambia aondoke kabla ya mwezi kuandama, la sivyo yeye hatahusika na litakalotokea.

"Umefanya nini cha kuwaudhi?" nilimuuliza, swali la kipumbavu.

"Natetemeka," alisema. "Ndicho nilichofanya."

Sikwenda kwa mkuu kuomba ufunguo. Daftari langu la kupimia lilikuwa mezani kwangu, na namba zote zimo kwa mwandiko wangu. Nilizinakili kwenye karatasi safi, nikaandika jina langu na kusaini, nikapanda basi la kwanza kwenda Lamadi. Pale Dutwa lilisimama kupakia magunia, na nakumbuka nilimfokea kondakta ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nilifikia kwa Nkwimba kwanza. Nilimwambia yote jikoni kwake, kisha nikamtoa humo, tukaendelea kuongea nje. Nilimwambia pia kwamba nilijua kwa miezi mingi na nikanyamaza.

"Ulipita njia ile nyingine na gari la kuchukulia maji," alisema. "Nilikuona."

Nikamwomba ruhusa ya kusoma majibu yake mbele ya watu. "Soma," alisema. "Wanayosema sasa ni mabaya zaidi."

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha watu mchana ule ule, sungusungu wakiwepo na fimbo zao. Nilisimama nikazungumza Kisukuma, lugha ya nyumbani, bila neno moja la maabara. Nikawaambia: mwanamke huyu ana sumu mwilini, nimeipima kwa mikono yangu, na sumu yenyewe inatoka kwenye donge linalochomwa jikoni kwake. Ukivuta mvuke ule kila siku, mikono inatetemeka, meno yanalegea, unalia bila sababu, unasahau.

Limbu akasimama. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Mimi ndiye ninayechoma. Mbona mimi sitetemeki?"

"Nyoosha mikono," nilisema. "Hivi. Tanua vidole."

Akanyoosha kwa dharau. Nikaweka ile karatasi juu ya vidole vyake. Karatasi ikaanza kucheza. Alijaribu kuituliza, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ilivyozidi. Watu waliokuwa nyuma wakasogea mbele kuona.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi?" alisema, na sauti yake haikuwa kubwa tena.

"Hakuna mchawi hapa. Kuna mvuke."

Ndipo Holo akasema, akiwa amekaa chini, bila kunyanyuka, "Na mimi napikia humo mvua ikinyesha."

Siwezi kuapa kwamba zebaki ndiyo iliyomharibia mimba. Kipimo chake hatukuwa tumekichukua, na niliwaambia hivyo hivyo. Lakini hakuna aliyeinua tena jina la Nkwimba siku ile. Mwenyekiti aliagiza panga lichukuliwe na mwenye nalo. Hakuna aliyejitokeza, ila kesho yake Nkwimba alinipigia kwamba limeondoka.

Nilirudi Bariadi nikapewa barua ya onyo, kwa kutoa taarifa za mradi bila idhini. Nikaondolewa kwenye mashine ya kupimia nikapelekwa stoo ya kemikali kuhesabu chupa. Wenzangu wa rika langu walinipa pole kwa siri. Kwa siri! Watu wazima, wenye vyeti, wananong'ona nyuma ya jokofu kwamba nilifanya vizuri. Soko la samaki halikufa, kwa taarifa yenu. Halikukohoa hata mara moja.

Nkwimba alijengewa jiko jingine upande wa pili wa uwanja, na Limbu akahamishia uchomaji wake mbali na nyumba. Nilipompima tena Nkwimba, kwa kuazima mashine kutoka kwa wenzangu hao wanaonong'ona, sumu ilikuwa imeshuka sana. Mtetemeko umepungua, haujaisha. Anakaanga samaki na wateja wamerudi, lakini kushona hawezi tena. Ile miezi niliyonyamaza ipo ndani ya mikono yake, na sina kemikali ya kuitoa.

Limebaki moja. Nikiwa karibu kustaafu, mradi ulifunga kazi zake kwa warsha hapa Bariadi, ukumbini, mapambo, maji ya chupa, wageni kutoka Dar es Salaam na nje. Sikualikwa kuzungumza. Niliambiwa nisimamie mahudhurio mlangoni. Nkwimba naye hakualikwa, kwa hiyo nikamwalika mimi. Alikuja na basi, amevaa vizuri, nikamkalisha safu ya tatu na mimi nikakaa kando yake nikiacha mahudhurio yajisimamie.

Daktari alionyesha ramani, majedwali, makorongo. Kisha ukutani ikatokea picha ya ubongo, kubwa kama mlango wa ghala, nyekundu na njano na buluu, chini yake namba. Namba zile niliziandika mimi kwenye orodha ya safari.

"Kinang'aa vizuri," Nkwimba alininong'oneza. "Ni kichwa cha nani?"

"Ni chako, mayu."

Akasimama, akapita kati ya viti, akaenda mpaka mbele, rangi zile zikamwangukia usoni na kwenye kitenge. Akamwambia Daktari kitu kwa Kisukuma. Ukumbi mzima ukageuka kutafuta wa kutafsiri, nami nikainuka.

"Anasema kichwa hicho ni chake," nilitafsiri. "Anasema ulimwahidi majibu. Anaomba umpe sasa."

Mkuu wangu alianza kuinuka, mmoja wa wageni wa nje akamshika mkono akamkalisha. Daktari, na hili nampa haki yake, akashuka jukwaani, akasimama karibu na Nkwimba, akaanza. Hapa panapong'aa panafanya kazi vizuri. Hapa pamefifia, na mtetemeko huenda unaanzia hapa. Picha peke yake haisemi ni zebaki, ila ukiiweka pamoja na mkojo, tunaamini hivyo. Hapa hatujui, na hakuna anayejua bado. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Nkwimba aliuliza maswali matano, yote ya maana. La mwisho lilikuwa kama panapofifia patarudi kung'aa. Daktari alisema kwa kweli hajui. Nkwimba akaitikia kwa kichwa, akasema, "Wabeja," asante ya kwetu, akarudi kukaa.

Niliangalia saa ya ukumbini. Ilikuwa imechukua robo saa. Walimnyima robo saa.